Matundu ni madogo, lakini utumbo umekatwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze upasuaji wa utumbo kwa njia ya matundu madogo, ambao siku hizi husikika ukitangazwa kama "upasuaji bila kisu". Maneno hayo yanapotosha. Kisu kipo, mkasi upo, na nusu kaputi ipo. Kinachopungua ni ukubwa wa jeraha kwenye ukuta wa tumbo. Utumbo wenyewe hukatwa na kuungwa kama ambavyo ungekatwa tumbo likifunguliwa, na hatari ya kiungio kuvuja ipo palepale. Sisi ni wahudumu wa chumba cha upasuaji hapa Mtwara. Tunaandika hasa kwa ajili ya familia za Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Nachingwea na Liwale, ambazo mgonjwa wao huruhusiwa mapema kwa kuwa anaonekana mzima, akapanda basi na kuwa mbali na hospitali siku zilezile ambazo kiungio huonyesha kama kimeshika au la.

Tuanze na kinachofanyika. Mgonjwa hulazwa usingizi kamili, mpira wa kupumulia ukiwa kooni, kwa sababu tumbo litajazwa gesi na misuli yake lazima ilegee kabisa. Tundu la kwanza hukatwa karibu na kitovu, upana wa sentimita 1 hivi. Wapo madaktari wanaoanza kwa kuchoma sindano ndefu yenye springi. Sisi tunapendelea kukata tabaka baada ya tabaka kwa kuona kwa macho, maana sindano huingia pasipo kuonekana na ikienda pabaya inaweza kutoboa utumbo au mshipa mkubwa wa damu. Kwenye tundu hilo hukaa bomba, na gesi hupitishwa humo polepole, kama lita 1 kwa dakika mwanzoni, hadi shinikizo lifike milimita 12 hadi 15 za zebaki. Gesi hiyo ni hewa ya ukaa, ileile inayotiwa kwenye soda. Tumeulizwa na ndugu wa wagonjwa kama ni gesi ya Msimbati: sivyo. Gesi asilia huwaka, na tumboni tunatumia umeme kuchoma mishipa midogo ya damu. Hewa ya ukaa imechaguliwa kwa sababu haiwaki, na kwa sababu huyeyuka upesi kwenye damu kisha ikatolewa na mapafu.

Baada ya hapo huingizwa darubini nyembamba yenye kamera, na picha huonekana kwenye skrini. Matundu mengine mawili hadi manne, ya milimita 5 hadi 12, hutobolewa kwa kuangaliwa na kamera kutoka ndani ili yakwepe mishipa ya damu inayopita kwenye ukuta wa tumbo. Kitanda huinamishwa upande wa kichwa ili matumbo yasogee kuelekea kifuani na kuacha nafasi ya kazi chini ya kitovu. Hapo mapafu hubanwa, na kiasi cha hewa ya ukaa kwenye damu hupanda. Ndiyo maana mgonjwa mwenye ugonjwa mkali wa moyo au mapafu huenda asiifae njia hii, na ndiyo maana kipimo cha hewa ya ukaa inayotoka kwenye pumzi si cha hiari. Chumba kisicho na kipimo hicho kisifanye upasuaji wa namna hii.

Kwa kidole tumbo matundu matatu hutosha. Mshipa wake wa damu hufungwa na kukatwa, shina lake hufungwa kwa vitanzi vya uzi, kisha kipande hutiwa kwenye kifuko ili usaha usipake ukuta wa tumbo wakati wa kukitoa. Pasipokuwa na kifuko cha kununua, glavu isiyo na vijidudu hufanya kazi hiyo vizuri.

Utumbo mpana ni habari nyingine. Kwanza sehemu yenye ugonjwa hubanduliwa kutoka ukuta wa nyuma wa tumbo, mahali unapopita mrija wa kuleta mkojo kutoka kwenye figo. Mrija huo lazima uonekane kwa macho na kuwekwa kando kabla ya kukata chochote; kuukata kwa bahati mbaya ni moja ya ajali mbaya za upasuaji huu. Kisha mshipa mkuu wa damu wa sehemu ile hufungwa karibu na chimbuko lake. Sababu ni kwamba tezi za limfu, ambamo saratani ya utumbo husambaa kwanza, zimejipanga kuufuata mshipa huo. Mtaalamu wa maabara anatakiwa apate tezi zisizopungua 12 kwenye kipande kilichotolewa. Zikiwa pungufu, hatua ya saratani haijulikani kwa uhakika, na uamuzi wa kumpa au kutompa mgonjwa dawa za saratani unakuwa mgumu.

Kipande hicho hakiwezi kupita kwenye tundu la milimita 12. Kwa hiyo hukatwa jeraha moja la sentimita 4 hadi 7, kingo zake hukingwa kwa nailoni maalumu, na utumbo hutolewa hapo. Wagonjwa waambiwe mapema, maana wengine wakiamka na kukuta jeraha hilo hudhani wamedanganywa. Ncha mbili zilizobaki huungwa kwa uzi au kwa mashine ya pini. Ili kiungio kishike, damu lazima ifike vizuri kwenye ncha zote mbili, pasiwe na mvutano, na mwili uwe na nguvu ya kuponya. Mtu mwenye utapiamlo mkali, usaha tumboni au shinikizo la damu lililoshuka sana yuko katika hatari kubwa ya kiungio kufumuka. Kwa mgonjwa kama huyo ni busara kutoa utumbo nje ya tumbo, avae mfuko wa choo kwa miezi kadhaa, kisha arudi kuungwa. Matundu madogo hayaondoi uwezekano huo, na daktari anayeahidi kwamba hautatokea anaahidi asichokimiliki.

Njia yenyewe si ya majaribio. Kurt Semm alitoa kidole tumbo kwa matundu huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1980, na upasuaji wa utumbo mpana kwa njia hiyo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hofu kubwa ilikuwa kwamba saratani ingerudi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliowafuatilia wagonjwa 872 wa Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 16 ya waliopangiwa matundu na asilimia 18 ya waliopangiwa kufunguliwa, tofauti ambayo kitaalamu haina uzito. Siku za kulazwa zilikuwa 5 dhidi ya 6. Siku moja tu, ndugu Mhariri. Faida ipo: maumivu hupungua, jeraha haliozi kirahisi, ngiri ya kovu hupungua. Lakini si muujiza unaotangazwa.

Utafiti huohuo una jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi. Asilimia 21 ya waliopangiwa matundu waliishia kufunguliwa tumbo, ingawa kila daktari aliyeshiriki alikuwa amekwishafanya upasuaji wa aina hiyo usiopungua mara 20. Uvimbe huwa umeshikana na viungo jirani, makovu ya upasuaji wa zamani huziba njia, damu hufunika kamera. Kuamua kufungua mapema ni alama ya daktari mwenye akili timamu. Madhara makubwa hutokea pale daktari anapong'ang'ania matundu saa ya nne na ya tano huku haoni vizuri anachokikata. Fomu ya ridhaa inapaswa kutaja njia zote mbili, na ndugu waliopo nje waelezwe hivyo kabla mgonjwa hajaingia, wasije wakadhani kufunguliwa kwa tumbo maana yake mambo yameharibika.

Kuna magonjwa ambayo kamera haiyafai, au haiongezi kitu. Utumbo uliotoboka kwa homa ya matumbo, mgonjwa akiwa na usaha tumbo zima na mapigo yanakimbia, anahitaji kufunguliwa na kusafishwa haraka. Kumsafirisha kwenda kutafuta matundu Muhimbili, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, ni kumpotezea saa zake za uhai. Utumbo mwembamba ulioziba na kufura hauachi nafasi ya gesi, na ngozi yake inakuwa nyembamba kiasi kwamba koleo ikiushika tu unachanika. Utumbo mpana uliojisokota, ugonjwa unaowapata sana wanaume wa makamo na wazee, una utaratibu wake: kama utumbo bado haujafa, kwanza hupitishwa mpira kupitia njia ya haja kubwa ili hewa na choo vitoke, kisha sehemu ndefu hukatwa mgonjwa akiwa bado amelazwa, kwa kuwa akienda nyumbani bila kukatwa mara nyingi hujisokota tena. Kwa maoni yetu kamera hapo ni gharama ya bure. Utumbo wenyewe ni mrefu na mlegevu, hutolewa nje kupitia jeraha dogo upande wa kushoto.

Wenye dalili za kuziba, yaani tumbo kufura, kutapika, choo na hewa kukataa kutoka, wasipigwe bomba la njia ya haja kubwa nyumbani wala kunyweshwa dawa ya kuharisha. Utumbo uliofungwa ukilazimishwa kusukuma huweza kupasuka. Na aliye na damu kwenye choo, au aliyebadilika choo kwa wiki kadhaa huku akikonda na kupungukiwa damu, asitibiwe bawasiri mwezi baada ya mwezi bila mtu kuvaa glavu na kumpima kwa kidole. Kipimo hicho hakihitaji umeme, na hugundua uvimbe mwingi wa sehemu ya mwisho ya utumbo. Uvimbe ukigunduliwa ukiwa mdogo, ndipo matundu madogo yanakuwa na maana.

Kuhusu maandalizi, bado tunapokea wagonjwa walioambiwa wasile wala wasinywe tangu jioni, na upasuaji ukafanyika mchana wa siku ya pili. Wanaingia wamekauka na sukari imeshuka. Kanuni ni chakula kikome saa sita kabla, na maji au chai ya rangi isiyo na maziwa ikome saa mbili kabla. Upasuaji ukipangwa saa 3 asubuhi, mtu ale chakula chake cha jioni kama kawaida na aruhusiwe maji mpaka saa 1 asubuhi. Aliyeziba utumbo ndiye asiyepewa kitu mdomoni. Mgonjwa ataje dawa zote anazotumia, zikiwemo aspirini, dawa za kuyeyusha damu, za kisukari na za mitishamba. Anayevuta sigara aache, ikiwezekana wiki 4 kabla.

Baada ya upasuaji, wengi hushtuka kwa maumivu ya bega na kudhani ni moyo. Mabaki ya gesi huuchokoza msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ambao neva yake inatoka shingoni pamoja na neva za bega. Huisha kwa siku 1 hadi 3, na kutembea husaidia. Kutembea pia huzuia damu kuganda miguuni, kwa hiyo mgonjwa ainuliwe kitandani jioni ileile au kesho yake asubuhi. Shangazi na mama wadogo wanaouguza tunawaomba jambo moja: msimnyime chakula mkisubiri "hewa itoke". Aliyeungwa utumbo bila matatizo anaweza kuanza uji mwepesi ndani ya saa 24, na chakula hicho cha mapema hakifumui kiungio. Hata kutafuna bazoka mara tatu kwa siku huuamsha utumbo. Akitapika au tumbo likifura, chakula kisimame na muuguzi aitwe.

Sasa tufike penye uzito. Kiungio cha utumbo kikivuja, mara nyingi huvuja kati ya siku ya 3 na ya 10, zaidi ikiwa karibu na siku ya 5 hadi ya 7. Utumbo uliounguzwa na umeme bila daktari kuona nao haupasuki palepale. Sehemu iliyoungua hufa taratibu na kutoboka siku chache baadaye. Kwa mgonjwa wa matundu madogo, siku hizo zinaweza kumkuta ameshafika nyumbani. Pale kijijini kinachoonekana ni vikovu vichache vikavu, visafi, hakuna usaha. Zahanati humpa dawa ya vidonda vya tumbo au sindano ya antibaiotiki, siku mbili zinapita, na anarudishwa akiwa mahututi.

Kipimo chetu ni rahisi: baada ya upasuaji wa matundu, kila siku lazima iwe nafuu kuliko jana. Maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, hilo peke yake linatosha kumrudisha hospitali, hata bila homa. Hesabu mapigo ya moyo kwenye mkono kwa dakika nzima akiwa amepumzika. Yakizidi 100 na kubaki hivyo, usingoje kukuche. Kufura tumbo, kutapika, kwikwi isiyokoma, kupumua haraka, mkojo kupungua na homa ya nyuzi 38 na zaidi vyote vina maana hiyohiyo. Hospitalini afanyiwe uchunguzi na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Picha ya eksirei inayoonyesha hewa chini ya msuli unaotenganisha kifua na tumbo inaweza kumchanganya asiyezoea, kwa kuwa hewa huweza kuonekana siku kadhaa baada ya tumbo kufunguliwa. Gesi ya matundu kwa kawaida huisha mapema zaidi, kwa hiyo hewa nyingi siku ya 6 kwa mgonjwa anayezidiwa isipuuzwe.

Kwa hiyo aliyeungwa utumbo na makwao ni mbali, tunashauri abaki kwa ndugu hapa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mjini au popote palipo karibu na hospitali yenye daktari wa upasuaji mpaka siku ya 10 ipite. Aliyetolewa kidole tumbo ambacho hakikupasuka anaweza kusafiri kesho yake au keshokutwa. Na kwa wote wawili, msimu wa korosho usiwe sababu ya kubeba. Tundu la milimita 10 na zaidi lina uzi ndani yake, na gunia au ndoo ya lita 20 ikiinuliwa kabla ya wiki 4 hadi 6 inaweza kuufungua, utumbo ukaingia humo na kunasa.

Dalili moja huja kwa kuchelewa. Tundu lililokuwa limepona, kisha wiki ya nne au baadaye likatoa kinundu na usaha mwepesi, na antibaiotiki za kawaida zisisaidie, huweza kuwa na vijidudu jamii ya kifua kikuu vinavyoishi kwenye maji. Chanzo mara nyingi ni vifaa vilivyosuuzwa kwa maji ya bomba baada ya kulowekwa kwenye dawa. Usaha upelekwe maabara kwa kipimo hicho maalumu, na hospitali iliyofanya upasuaji ijulishwe ili ikague usafishaji wake.

Hilo linatupeleka kwa wanaonunua vifaa. Halmashauri, wafadhili na viongozi wa dini wanaochangia mashine hizi wanafanya jambo jema, ila skrini na kamera ni nusu ya gharama. Panahitajika mitungi miwili ya gesi kwa kila upasuaji, mmoja wa akiba, kwa kuwa mtungi ukiisha tumbo linashuka vyombo vikiwa ndani. Panahitajika betri ya kushikilia umeme mpaka jenereta liwake, na seti kamili ya kufungua tumbo iliyopangwa mezani, si stoo. Koleo na mikasi yenye ganda la plastiki ikaguliwe kila mara: ufa mdogo kwenye ganda huvujisha umeme na kuunguza utumbo nje ya upeo wa kamera. Vifaa vifunguliwe vipande na kusuguliwa ndani kabla damu haijakauka, visuuzwe kwa maji yasiyo na vijidudu. Fundi sanifu wa vifaa tiba aajiriwe kabla mashine haijafika.

Mwisho, ombi kwa hospitali zote zinazofanya kazi hii, sisi wenyewe tukiwemo. Kadi ya ruhusa iandike kwa Kiswahili kinachosomeka: utumbo umekatwa sehemu gani, umeungwa au haukuungwa, tarehe ya upasuaji, namba ya kipande kilichopelekwa maabara na tarehe ya kufuata majibu, pamoja na namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku. Mganga wa zahanati ya Liwale akiona vikovu vidogo bila kadi hiyo, hana namna ya kujua kwamba ndani kuna kiungio cha siku ya sita.

Wahudumu wa chumba cha upasuaji,
Mtwara